Mkwe Hapitwi Barabarani

Gari la viti viwili ni gari la mtu mchoyo. Maneno hayo ni ya Ruthu, mke wa Mzee Meshack, na aliyasema tangu siku mumewe alipoingia uani pale Nzuguni na lile gari jekundu la spoti, alilouziwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anahama nchi. Kila safari ya kwenda Kongwa kuwajulia hali wazee, Meshack alishika usukani, mtoto wao wa pekee, Erick, akakaa kiti cha pili, na mama mwenye nyumba akapanda basi na mabegi yake na kuku wa zawadi. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Mtoto hukua. Erick alipomaliza kidato cha sita, wajomba walikuja kumpongeza, na kijana kwa furaha akaomba ufunguo mbele yao. Alitaka kwenda Ihumwa na kurudi tu. Meshack akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba, akasema, "Hili halishikwi na watoto. Kanunue lako, ndipo tuzungumze habari za kuendesha." Wajomba wakacheka. Erick naye akacheka, maana angefanya nini? Wiki haikwisha akaaga kwenda Dar es Salaam, na tangu hapo akawa mtoto wa simu. Shikamoo baba, marahaba, mvua huko vipi, haya. Hata alipooa, harusi ilifanyika hukohuko, na baba alikwenda kama mgeni mwalikwa, akala, akapigwa picha, akarudi.

Je, Meshack hakuona kwamba amemuumiza mwanawe? Aliona. Lakini alikuwa mmoja wa wale wazee wanaoamini kwamba mtoto ndiye anayepaswa kurudi, na mzee kazi yake ni kukaa barazani akisubiri. Akasubiri, miaka ikapita. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja kabla ya wajukuu wa damu, kwa sababu mwaka jana figo za Erick zilishindwa kazi, akafa hospitalini bila mtoto, wakamzika Kongwa kwenye makaburi ya ukoo. Meshack hakulia msibani. Alisimama wima kama mlingoti, watu wakamsifu kwa uvumilivu, na sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa zamani pale gari lilipofika bandarini. Erick alikuwa ameliagiza kutoka Japani akiwa bado na nguvu. Lilikuwa jipya, la rangi ya kijivu, dogo, viti viwili, na paa lake lilikunjwa kwa kubonyeza kitufe tu. Mjane wake, Frida, alilitoa bandarini, akaliendesha mwenyewe mpaka Dodoma. Aliingia Nzuguni Jumamosi jioni, kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope.

Frida ni mtu wa Chemba, amelelewa na bibi, na ukwe anaujua. Alipiga goti mbali kidogo na kiti cha Meshack, akainamisha macho, akasema, "Shikamoo baba." Hakumpa mkono. Tangu aolewe hajawahi kuketi benchi moja na baba mkwe wake, wala kula mbele yake, wala kumwita kwa jina, na jambo lolote zito alilipitisha kwa mama mkwe. Hata jioni ile alimgeukia Ruthu, ingawa Meshack alikuwa palepale na masikio yake mazima.

"Mama, nina maneno ya Erick kwa baba," alisema. "Alisema gari likifika lisiuzwe kwanza. Liletwe hapa, lishindanishwe na lile la baba, kutoka hapa Nzuguni mpaka njia panda ya Mbande. Baada ya hapo tufanye tutakavyo."

"Umesikia, Baba Erick?" Ruthu aliuliza.

"Nimesikia," Meshack akajibu, akainuka kwenda kukagua magurudumu ya gari lake, magurudumu ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Alisimama nyuma ya gari akiwa amelishika kwa mikono miwili. Kumbe kijana hakusahau. Alikwenda, akafanya kazi, akanunua lake, kama alivyoambiwa. Basi Meshack akawa na haja moja tu iliyobaki chini ya jua, nayo ni kwamba gari la Erick limpite. Limpite wazi, barabarani, limwache nyuma na mdomo wake uliosema yale maneno mbele ya wajomba. Hilo hata marehemu angestahili kupewa.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza wakatoka, kila mtu na gari lake, maana mkwe na mkamwana watakaaje bega kwa bega ndani ya kigari kile? Kilichosemwa na Ruthu ni "Mungu awatangulie" tu, akarudi ndani. Meshack alitangulia ili apate kupitwa. Walipoiacha Ihumwa nyuma, barabara ikanyooka katikati ya vichaka vikavu, akakanyaga mafuta. Gari jekundu likanguruma, kioo kikatetemeka, harufu ya petroli ikajaa kama zamani. Akatazama kioo cha nyuma. Lile la kijivu lilikuwa pale, limetulia, halitoki jasho hata kidogo. Akatoa mkono dirishani, akaashiria apitwe.

Hakupitwa.

Akapunguza mwendo. Frida naye akapunguza. Akapunguza tena, akasogea pembeni mpaka magurudumu ya kushoto yakala changarawe. Frida naye akasogea pembeni. Malori ya mizigo yaliyokuwa yakija nyuma yakaanza kupiga honi, madereva wakachungulia na kutukana. "Pita!" Meshack akapayuka. "Pita, mwanangu!" Upepo ukayachukua maneno yake ukaenda nayo kwenye mashamba ya watu. Magari mawili yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukimbia yakawa yanatambaa kwenye barabara kuu, moja nyuma ya jingine, na mwendesha baiskeli mwenye magunia mawili ya mkaa akayapita yote mawili.

Karibu na Buigiri trafiki akanyoosha mkono. Alikuwa kijana mchangamfu, wa wale wanaopenda kutania kabla ya kuandika faini. Akayazunguka magari yale, akamtazama Frida, akarudi kwa Meshack.

"Mzee shikamoo. Mwendo huu nimeuona kwenye misafara ya harusi tu. Bibi harusi nimemwona huko nyuma. Bwana harusi yuko wapi?"

Meshack akautazama usukani. "Hakuja," akasema.

Trafiki akacheka, kisha akautazama vizuri uso wa yule mzee, akaacha kucheka. "Nendeni taratibu, mzee," akasema, ingawa taratibu ndilo lililokuwa kosa lao, akaondoka bila kuandika chochote.

Meshack akashuka, akamwendea Frida, akasimama kwenye umbali wa heshima. Hasira ilimpanda. Alijua si haki, lakini ilimpanda vilevile. "Mama, kwa nini hunipiti? Nimekupa njia, nimekupungia mkono. Gari hilo lina nguvu mara mbili ya hili langu."

Frida alikuwa ametazama chini. "Nitakupitaje, baba? Kwetu hata kwa miguu, mkwe akiwa mbele njiani, unapunguza hatua. Nikikupita kwa kasi na vumbi juu, nitakuwa nimekuvunjia heshima. Nimejaribu. Mguu umekataa."

Miaka yote Meshack aliomba apate mkamwana mwenye adabu, na Mungu alimpa, na sasa adabu ileile ilikuwa imeziba barabara. Akatembea mpaka kwenye mtaro, akarudi. Kisha akautoa ufunguo wa gari jekundu mfukoni. Ufunguo ule haujawahi kulala kwenye kiganja cha mtu mwingine tangu aupate. Akauweka juu ya boneti ya lile la kijivu, akarudi nyuma hatua chache ili Frida auchukue.

"Utaendesha langu, mimi niendeshe la Erick," akasema. "Wewe utangulie. Nakutuma mimi, kwa hiyo si utovu wa adabu. Na mkubwa akimpita mdogo hakuna kosa. Lakini usinipunguzie mwendo, nakuomba. Ukinipunguzia, utakuwa umemwonea mumeo."

"Sawa, baba."

Frida alipofika kwenye gari jekundu alisita. Kiti kile ni cha mkwe. Akaifungua kanga ya kiunoni, akaitandika juu ya kiti vizuri mpaka kwenye pindo, ndipo akakaa. Meshack aliliona hilo, akageuza uso haraka. Ufunguo aliomnyima mwanawe kwa dhihaka, ulikuwa umepokelewa namna ile.

Yeye naye akaingia kwenye la kijivu. Usukani ulikuwa mwepesi, klachi laini, gia zikaingia kwa kidole. Kila kitu ndani yake kilitii kabla hakijaagizwa. Frida akaondoka mbele kwa kasi ya kweli, hakumpunguzia hata chembe, na Meshack akamfuata.

Hapo ndipo alipoliona gari lake. Miaka yote aliyoliendesha hajawahi kuliona likienda, kwa sababu siku zote alikuwa ndani. Kichwani mwake lilikuwa simba. Sasa aliliona kutoka nyuma: kigari kifupi, kimeinama upande mmoja, taa moja ya nyuma imefifia, moshi wa bluu unatoka kila likibadilishwa gia. Kitako chake kilinesanesa kwenye kila kiraka cha lami. Lilikuwa linajitahidi, maskini, linajitahidi sana. Na Meshack akajiuliza kwa sauti, humo ndani, "Hili? Hili ndilo nililomnyima?" Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka moto. Kwa ajili ya chuma hiki alikosa miaka ya mwanawe, na chuma chenyewe hakikuwa kitu.

Mbele ya mashamba ya zabibu ya Chinangali barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Akawasha taa ya kupita, akatoka, akakanyaga. Hakuna mapambano yaliyotokea. Gari la Erick lililipita la baba yake kama mtu anayempita mwenzake aliyeketi. Kwa pembe ya jicho alimwona Frida ameng'ang'ania usukani, uso umelowa machozi, hatazami pembeni. Kisha hakumwona tena. Gari jekundu likawa kitone kwenye kioo, kikapungua, kikaisha.

"Umenishinda, Erick," Meshack akasema, akageukia kiti cha pili kama mtu anayezungumza na mwenziwe. Mkanda wa kiti ulikuwa umening'inia tu, bado una nailoni ya kiwandani. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, ili isije ikawa upepo umemeza. Njia yote iliyobaki hakuna aliyemjibu.

Mbande alifika peke yake. Aliegesha penye kivuli cha kibanda cha muuza matikiti maji, akashuka, akasimama akiitazama barabara ya Dodoma. Baada ya muda gari jekundu likatokea mbali, dogo, likija na kelele zake. Akaelewa kwamba hapa alipo ndipo Erick angesimama, na lile linalokuja ndilo ambalo yeye Meshack angekuwa ndani yake, ameshindwa, anakuja kupokea haki yake.

Frida akasimamisha gari, akashuka, akabaki upande wa pili wa boneti. "Limeshinda, baba."

"Limeshinda." Ruthu hakuwapo wa kupitishia neno zito kama hili, Meshack akaona bora avunje mwiko. "Frida, nakuuliza wewe, usinifiche. Angefika hapa kabla yangu angeniambia nini? Angenicheka mbele ya watu?"

Basi moja likaja, likashusha watu, likaondoka, ndipo Frida akajibu.

"Hakutaka kukucheka, baba. Hata kushinda hakukumhusu sana." Sauti yake ilikuwa chini. "Alitaka sababu ya kuja nyumbani. Alisema baada ya kukaa mbali hivyo, hawezi kubisha hodi hivihivi, mikono mitupu. Aliona akiwa na gari atasema amekuja kushindana, mtakwenda, mtarudi, na mkisharudi atakuwa ameshaingia ndani."

"Angekuja tu," Meshack akasema. "Angekuja hata kwa miguu. Nilikuwa nakaa barazani kila jioni. Nilikuwa namsubiri."

"Hakujua, baba," Frida akasema. "Hukumwambia."

Meshack akalishika gari la mwanawe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na kilio alichokizuia msibani kikamtoka palepale njia panda, mbele ya muuza matikiti na abiria walioshuka. Frida naye alilia upande wake, na mkono wa kumshika mkwe wake hakuwa nao.