Mtande wa Watu Sita

Raili Sormunen alijiunga na darasa la kufuma mazulia mwezi wa tisa, akiwa na miaka sitini na saba, na mkononi amebeba mfuko wa nguo za marehemu mama yake. Wastaafu wengi wa Juuka, mji wetu mdogo wa Finland, huenda pale kuua wakati na kunywa kahawa. Raili alikwenda kwa sababu dada yake, Vieno, aliyekuwa amelazwa katika wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, alimtazama siku moja akamwambia maneno mawili tu: "Nifumie sasa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mama yao alipofariki, miaka ishirini na moja nyuma, walikubaliana kwamba nguo zake zichanwe tepe na kufumwa zulia, kama ilivyofanywa kwa nguo za bibi na za mama wa bibi. Raili ndiye aliyeuchukua mfuko. Akauweka ghalani na kusema majira ya baridi yajayo. Yakaja majira ya baridi ishirini na moja, na Vieno hakumkumbusha hata mara moja, maana katika ukoo ule kumkumbusha mtu ahadi yake ni sawa na kumtukana. Sasa daktari alikuwa amesema atafika Krismasi, labda. Kila asubuhi Vieno alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi za sufu jozi mbili mbili, akateremsha miguu kwenye sakafu ya plastiki na kusema ni ya baridi kama jiwe la ziwani.

"Nataka nikanyage koti la mama," alisema. "Lile la kijivu. Nikanyage hata siku moja, kisha niende zangu."

Basi Raili akaenda darasani. Lilikuwa chini ya shule ya zamani, chumba kinachonuka sufu na mbao, na mwalimu alikuwa Marketta, mwanamke wa makamo kutoka mji mkubwa, aliyetufundisha hata maneno ya bibi zetu tuliyokuwa tumeyasahau, tukayarudia huku tukicheka kama watoto. Mtambo uliokuwa tayari ulikuwa mmoja, nasi wafumaji tulikuwa sita. Kwa hiyo tulitandika mtande mmoja, zile nyuzi za urefu zinazobeba zulia, mrefu wa kututosha wote, kama ilivyo desturi. Wa kwanza anafuma zulia lake, anaacha nyuzi tupu upana wa kiganja, wa pili anaendelea pale pale. Zulia lililokamilika halitoki. Linajiviringisha kwenye gogo la chini, magotini pa mfumaji, na la mwenzake linalifuata na kulifunika, mpaka wa mwisho amalize. Ndipo inapofika siku ya kukata, mikasi inatolewa, kahawa inachemshwa, na kila mtu anaondoka na chake.

"Na hakuna kukata kabla ya siku hiyo," Marketta alisema siku ya kwanza. "Ukikata katikati lazima nyuzi zifungwe upya, na nusu mita ya mtande inapotea. Anayeumia ni wa mwisho. Mwaka fulani mtu alikata, na mwenzake akapata zulia lisilofika mlangoni. Hawakusalimiana mpaka barafu ya ziwa ilipoyeyuka."

Watu walitikisa vichwa. Wote walimjua mtu huyo, na wote walikuwa bado wanamsema.

Tulipiga kura ya zamu. Raili alipata ya tano. Ya sita, ya mwisho, ilimwangukia Kaisu Hyttinen, mwanamke mpana wa mabega, mwenye ng'ombe kumi na wanane na mdomo usiojua kubembeleza. Hapo hapo Raili angeweza kusema, jamani, nina mgonjwa, naombeni zamu ya kwanza. Neno lilimfika kooni. Akalimeza pamoja na kahawa.

Ilipofika zamu yake, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, alifuma zulia zima kwa siku tisa. Alianza na koti la kijivu, kisha aproni ya bluu ya kukamulia, kisha gauni la maua ambalo mama alilivaa siku Vieno alipomaliza shule. Kila tepe ilipopita kati ya nyuzi, alivuta chanuo la mtambo kuigandamiza, na alilivuta kwa nguvu hata vikombe vikalia kabatini. Kaisu alikuja siku moja kutazama, akainama pembeni.

"Raili, kingo zako hizi, mbona zinaingia na kutoka kama ufuo wa ziwa Pielinen?"

Wenzake wakacheka. Haikuwa kitu, utani wa darasani. Lakini Raili aliuweka moyoni, akaulisha na kuunenepesha, na alipomaliza zulia na kumwachia Kaisu kiti, alikuwa tayari hampendi.

Akaenda wodini na habari njema. "Limekwisha, dada."

"Liko wapi?"

"Liko kwenye mtambo. Amebaki mtu mmoja tu baada yangu. Ni wiki mbili hivi."

Vieno alifikiri. Alikuwa amekonda, mikono yake juu ya blanketi imebaki mishipa. "Umemwomba akuachie ukate?"

"Ah, dada. Kitu kama hicho kinaombwa?"

"Hapana," Vieno alisema. "Kweli. Hakiombwi."

Nasi tuko hivyo, sina haja ya kuficha. Mtu wa kwetu gari lake likizama thelujini atalisukuma peke yake mpaka kiuno kikatike, na ukisimama kumsaidia atakwambia anajinyoosha tu mgongo. Dada wawili wale walikubaliana kwa dhati kabisa kwamba afadhali mmoja afe na miguu baridi kuliko mwingine amsumbue jirani kwa nusu mita ya uzi.

Wiki mbili zikapita. Kaisu alikuja Jumanne na Alhamisi tu, baada ya kukamua, na zulia lake lilikuwa la mistari ya kuhesabu, nyekundu tatu, nyeusi moja, nyeupe mbili, karatasi ya mpango imebandikwa mbele yake. Alifuma taratibu, kila ukingo akiusawazisha kwa kidole. Raili alikuwa akipita pale kila Alhamisi, anapima kwa macho. Sentimita thelathini. Sentimita arobaini. "Unaendelea vizuri," alikuwa akisema, na maana yake ilikuwa fanya haraka. Kaisu alijibu, "Naendelea," akadhani anakaguliwa.

Vieno alianza kukataa chakula. Hapo ndipo Raili alipopata wazo lake, na nikiri kwamba ni wazo ambalo lisingeingia kichwani mwa watu wenye midomo inayofanya kazi. Kwa kuwa hawezi kumwomba Kaisu, atamsaidia bila Kaisu kujua.

Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda cha kuni, sote tulijua. Jumapili asubuhi, wakati wengine wako kanisani au bado na chai, Raili aliingia, akawasha taa, akakaa kwenye kiti cha Kaisu. Alifuata karatasi. Nyekundu tatu, nyeusi moja, nyeupe mbili. Alifuma sentimita hamsini, akafagia nyuzi sakafuni, akaondoka na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Alhamisi alipofika, zulia la Kaisu lilikuwa limerudi pale pale lilipokuwa Jumamosi. Sentimita hamsini zimefumuliwa zote, tepe zimeviringishwa upya kuwa madonge safi, yamepangwa kikapuni kwa rangi.

Raili alisimama ameduwaa. Akajiambia labda Kaisu alikosea hesabu. Jumapili iliyofuata akarudi, akafuma sitini. Jumanne zikafumuliwa. Jumapili ya tatu akafuma tena, safari hii akijitahidi kubembeleza chanuo, na tena zikafumuliwa. Kaisu sasa alikuwa akitumia siku zake zote mbili kuondoa, wala hakuwa akiongeza chochote. Zulia lilisimama. Na Raili, badala ya kuacha, akamchukia Kaisu kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia nayo binadamu. Alimwona kuwa mwanamke mkaidi, mwenye roho mbaya, anayeikalia miguu ya Vieno kama kuku juu ya mayai.

Wakati wa kahawa, Marketta akigawa mikate mitamu ya iliki, Kaisu aliongea huku ameangalia kikombe chake.

"Jengo hili lina panya."

"Panya?" Marketta alishtuka. "Wanakula sufu?"

"Huyu hali. Anafuma. Anakuja Jumapili, tena anakaza kweli kweli, zulia linakuwa gumu kama mlango wa zizi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama panya huyo anaweza kuja kwake akamalizie soksi. Raili naye alicheka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angesema tu, Kaisu, ni mimi, dada yangu anakufa. Maneno sita. Aliyahesabu hata. Kisha Marketta akaanza kuzungumzia rangi za mwaka ujao, na mlango ukafungwa.

Wodini jioni ile Vieno hakuuliza zulia. Aliuliza tu kama theluji imeshika.

"Imeshika, dada."

"Basi miguu ya mama itakuwa imelowa," alisema Vieno, kana kwamba mama yao bado yuko njiani nje, na Raili akajua kwamba siku zimekwisha.

Muuguzi alipiga simu Jumatano, saa mbili asubuhi. Vieno alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, muuguzi alisema, akateremsha miguu, akaanguka ubavu taratibu. Hakuteseka.

Alhamisi Raili alikwenda darasani. Hakujua mahali pengine pa kwenda. Alifika mapema, na ndani alikuwepo Kaisu peke yake, kwenye mtambo, akifumua.

"Usijisumbue tena kufumua," Raili alisema. "Fuma polepole unavyotaka. Hakuna haraka tena."

Kaisu aligeuka. "Haraka gani?"

"Panya ni mimi."

"Najua panya ni wewe. Nimejua tangu wiki ya pili, nani mwingine anapiga chanuo kama anapasua kuni? Nilidhani unanionyesha kwamba sijui kufuma. Nikasema haya, tuone nani atachoka." Kisha akaona uso wa Raili vizuri, sauti ikashuka. "Kuna nini?"

Raili akamwambia. Alisimama na koti lake lenye theluji mabegani akasema yote, mfuko wa ghalani, koti la kijivu, sakafu ya plastiki, miguu. Akasema jana asubuhi. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya dukani, na alipomaliza akasubiri apewe pole.

Hakupewa. Kaisu alikuwa amesimama, na mashavu yake yalikuwa mekundu.

"Liko hapa chini," alisema, akaligonga gogo kwa goti. "Wiki sita nimekaa juu yake. Nusu mita, Raili! Ningekata siku ile ile. Ningefunga nyuzi kabla kahawa haijachemka, kisha ningekupeleka kwa gari langu. Zulia langu hili ni la kuwekwa kwenye chumba cha nje cha sauna, watu wenye miguu ya maji, nani angejali urefu wake?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Hukutaka kunisumbua!" Kaisu aliyatema yale maneno. "Unajua umenifanya nini? Umenifanya mimi niwe mtu aliyemnyima marehemu zulia la mama yake. Nilikuwa namfahamu Vieno. Alinifundisha kuogelea, mimi na nusu ya watoto wa kijiji hiki. Na nimekaa hapa nafumua, nafumua, nacheka moyoni. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mwema. Ulijiamulia tu kwamba ningekataa."

Raili alifungua mdomo kusema hapana, sikudhani hivyo. Lakini alikuwa amedhani. Kwa wiki sita alikuwa na mtu wa kumchukia, na ile chuki ndiyo iliyokuwa ikimshikilia asianguke. Sasa ilimtoka, na nyuma yake hakukuwa na Kaisu wala ng'ombe wake wala mistari yake. Alikuwepo yeye tu, Raili, na mfuko uliokaa ghalani miaka ishirini na moja. Akakaa kwenye benchi la dirishani.

Kaisu alichukua mikasi ukutani. Hakumsubiri Marketta wala hakuuliza mtu. Alikata zulia lake lisilokwisha, nyuzi zikilia chwa chwa, akaanza kuviringua gogo. La kwanza kutoka lilikuwa la mistari, fupi, halina maana. Kisha kiganja kimoja cha nyuzi tupu. Kisha gauni la maua, kisha bluu ya aproni, na mwishoni kabisa kijivu cha koti, zito, limekazwa vibaya, kingo zake zikiingia na kutoka. Aliligawanya na la mtu wa nne kwa mkato mmoja, akalikunja na kuliweka magotini pa Raili. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Kaisu akarudi kwenye mtambo, akampa mgongo. Alianza kuokota madonge yake.

Raili alikaa amelikumbatia lile zulia. Wenzao walianza kusikika wakishuka ngazi, wakikung'uta viatu. Kesho mchana jeneza lingefungwa katika kikanisa cha hospitali, na yeye peke yake asingeweza kuinua miguu ya Vieno na papo hapo kulitandika lile chini yake. Alilipigia hesabu mara mbili, akitafuta namna ya kufanya peke yake. Haikuwepo.

"Kaisu."

"Nini?"

"Naomba uje nami kesho. Unishikie miguu yake, nilitandike."

Kaisu aliinuka polepole, donge jekundu mkononi. Alimwangalia, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyajali.

"Kumbe unaweza," alisema.

Kisha akamuuliza ni saa ngapi, na Raili akamwambia saa saba.