Bango Lisilochanika

Mke wangu Raelene alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: katikati hakuna selotepu. Ungeweza kumuunguzia chakula, ungeweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, na yote hayo nimeyafanya mimi, akasamehe. Lakini ukibandika selotepu kwenye mstari wa katikati wa bango, ungeitwa majina ambayo mamako hakukupa.

Kila wiki sisi mashabiki wa Korongo, timu yetu ya mpira, tulitandaza karatasi za krepu, kijani na nyeupe, kwenye sakafu ya ukumbi wa mji wetu, Merriford, tukaziunganisha mpaka zikawa bango refu kuliko nyumba. Siku ya mechi tunalisimamisha kwa nguzo na kamba, na wachezaji wanaingia uwanjani kwa kulipasua kwa vifua vyao. Kazi ya jioni nzima huisha kufumba na kufumbua. Pembeni unabana selotepu barabara, upepo usilichukue. Katikati unaacha karatasi tupu. Mwaka mmoja mtu alijisahau, nahodha wetu akaligonga, akarudi chali mbele ya umati. Wapinzani wanatucheka hadi leo.

"Bango lisilochanika si bango," Raelene alizoea kusema. "Hilo ni pazia."

Yeye alitunga maneno, mimi nilishika kamba ya kushoto. Ndoa yetu ilikuwa hivyo kwa mambo mengi.

Msimu huu aliugua saratani ya kongosho. Daktari hakuzunguka: msimu ujao hatauona. Raelene hakulia. Tulipofika nyumbani alifungua ratiba ya ligi, akaweka kidole kwenye mechi moja ya Jumamosi mchana, uwanja wetu wenyewe.

"Hii," alisema. "Nitaandika bango la hii, niwaone vijana wakilipasua. Baada ya hapo malaika waje wanichukue."

Basi wakuu wa ligi wakaihamisha. Wakaipeleka Alhamisi jioni, katikati ya baridi ya Julai, kwa sababu televisheni ilitaka kitu cha kuonyesha. Nilivunja kikombe siku hiyo, na sikukivunja kwa bahati mbaya. Watu hawa wamebadilisha kanuni mpaka mwamuzi mwenyewe anapuliza filimbi na uso wa mtu anayeuliza swali. Wameweka muziki unaokuzuia kusikia jirani yako akitukana. Jumamosi mchana, mpira, pai ya moto, kurudi nyumbani kabla ya giza: hicho ndicho tulichokuwa nacho, na hicho ndicho walichokiuza. Nasema wameuza kwa sababu hawakutuomba ushauri, na chenji hatujaiona.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu ya kutengeneza bango, kwa hiyo ikabidi tutengeneze Jumanne, na Jumanne Raelene alikuwa anawekewa dripu. Alitoka hospitali moja kwa moja hadi ukumbini, akaketi kwenye kiti cha plastiki na blanketi, akasimamia.

"Voula, hiyo herufi imelewa, inyooshe!"

"Imelewa kama shemeji Nev siku ya harusi yenu," Voula alijibu akiwa amepiga magoti, akinitupia jicho. Voula ni rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Ulimi wake hauna kufuli.

Maneno yalikuwa haya:

Jumamosi mmeuza, na jua mmelizima;
Korongo hatutauza, sisi tupo twasimama.

Brayden, kijana wa klabu anayeshughulika na mashabiki, alikuja kuangalia. Alisoma mara mbili, akakuna shingo.

"Raelene, mama yangu, hili si litaonekana kwenye televisheni?"

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Alicheka, akaondoka. Si mtoto mbaya Brayden.

Alhamisi tulimfikisha uwanjani kwa kiti cha magurudumu, tukamweka kwenye uzio karibu na mlango wa wachezaji. Viti vingi vilikuwa vitupu, maana watu wana kazi na watoto wana shule. Nilimfunga skafu, nikaenda kushika kamba yangu. Bango likapanda. Hapakuwa na upepo kabisa. Nimeshika mabango mengi, lakini lile lilisimama limenyooka, na nilimwona Raelene akilitazama huku mdomo wake ukisoma maneno.

Ndipo Brayden akaja mbio, ana kidude sikioni, uso umempauka.

"Nev, mnisamehe. Lisogezeni kule pembeni. Ligi wameleta mashine za moshi na moto, wachezaji watatokea kwenye moshi. Matangazo yamekula muda wote."

"Wapite kwenye moshi, halafu wapite hapa," nilisema. "Hatua chache tu."

"Nimewaambia. Wamekataa."

"Yule pale kwenye uzio unamwona?"

"Namwona, Nev." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Namwona."

Taa zikazimwa, muziki ukalipuka, moshi ukafoka. Vijana wakatoka humo wakikimbia, wakatupita. Nahodha aligeuka akatazama bango, akapunguza mwendo, mtu akampungia mkono aendelee, naye akaendelea. Sisi tukabaki tumeshika kamba zetu. Bango lilikuwa zima kama lilivyotoka sakafuni.

Nilimwendea Raelene. Nilitaka atukane. Ningetoa chochote nimsikie anatukana.

"Hawakuligusa," alisema.

Nikambana skafu vizuri.

"Likunjeni vizuri. Msilitupe." Kisha akasema anasikia baridi, nikampeleka nyumbani kabla ya robo ya kwanza ya mechi kuisha. Nasikia tulishinda.

Alifariki Agosti. Mtu wa mazishi aliponiuliza siku gani, nilimwambia Jumamosi, saa nane mchana. Angalau hapo hakuna wa kunibadilishia ratiba.

Bango lilikuwa gereji. Asubuhi ya maziko nililifungua, nikakuta limeanza kuchanika kidogo kwenye mkunjo. Moyo uliniuma. Kitu cha mwisho alichokiandika, nacho kinaanza kwenda. Nikachukua selotepu, nikaziba ule mpasuko taratibu, mbele na nyuma, nikapapasa mpaka pakalala. Nilijisikia nimemfanyia jambo.

Tulimuaga kwenye ukumbi wa Merriford. Alipotolewa nje, Voula na wenzake walikuwa wamelisimamisha bango mlangoni, jua limepenya karatasi, kijani kimemwagika chini kote. Jeneza lilibebwa na mwanetu Craig na watu wa bango, na Brayden alikuwepo, nyuma kushoto. Mimi nilikwenda kwenye kamba yangu kama kawaida.

"Mpitisheni!" Voula aliita.

Wakaja. Pua ya jeneza ikagonga karatasi. Bango likavimba, likanyooka, likagoma. Wakarudi hatua moja, wakajaribu tena. Likagoma tena.

Voula akachungulia juu, akaona kitu kinang'aa.

"Nani kaweka selotepu katikati?"

Nilinyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Shemeji! Miaka yote hiyo! Huyu hapa ndani sasa hivi anakutukana, unajua?"

Mtu alicheka, kisha wote wakacheka, hata Craig na jeneza begani, huku machozi yanatutoka. Kwa mara ya kwanza tangu afariki niliisikia sauti yake wazi, majina yote, moja baada ya jingine.

Nikampa mtu kamba. Nikaenda mbele ya jeneza, nikatafuta ukingo wa ile selotepu kwa ukucha. Sikutaka. Nasema kweli, nilitaka libaki zima, lirudi gereji, liwe langu. Craig akaninong'oneza, "Baba, mama anangoja."

Nikaivuta. Ikatoka na karatasi, na bango lote likapasuka toka juu hadi chini kwa ile sauti ninayoijua. Nikapita katikati, mimi niliyeshika kamba maisha yangu yote, na mke wangu akapita nyuma yangu.