Uji wa Mukagasana

Tangu vita vianze kaskazini, watu wa mtaa wa Nyakabanda walikuwa wamejifunza kuchunguzana. Donatille hakuhitaji kwenda mbali. Wa kumchunguza alilala naye chumba kimoja.

Kaliza aliletwa nyumbani kwao akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baada ya mama yake, aliyekuwa jirani, kufariki. Mukagasana, mjane na fundi cherehani, alimlea pamoja na Donatille, mwanawe wa kumzaa, akawashonea magauni ya kitambaa kimoja. Mtaani wakaitwa pacha. Donatille hakulipenda jina hilo hata siku moja.

Sasa Mukagasana alikuwa mgonjwa. Kikohozi kilimkondesha, na Kaliza akajitwalia uji wake: aukoroge yeye, aupeleke yeye. Donatille akitaka kusaidia aliambiwa akapumzike, bibi harusi asijichoshe, maana alikuwa ameposwa na Gisa. Maneno matamu. Lakini mbona Kaliza hakuonja tena uji kabla ya kumpa mgonjwa, kama aonjavyo kila mtu mwenye adabu anapomwandalia mwenzake? Asubuhi moja, kwenye upenyo wa mlango wa jiko, Donatille alimwona akifungua pindo la kitenge, akatoa kitu, akakisaga kwa kijiko na kukitia kikombeni.

Alishuka Kimisagara kwa mjomba wake, Nkusi, akamweleza yote, na mengine aliyoyadhania tu akayasema kama aliyoyaona.

Kesho yake Nkusi alifika mapema, akaketi chumbani kwa mgonjwa. Kaliza alipoingia na kikombe, mjomba akamwamuru anywe yeye kwanza.

Kaliza akakataa.

Mjomba akarudia, sauti imeshuka. Kaliza alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho kwa Mukagasana. Donatille alihisi kitu kama furaha kikimpanda kifuani. Kilimtia aibu, lakini hakukizuia.

"Mwacheni," Mukagasana akasema kutoka kitandani. "Hiyo ni dawa yangu ya leo. Akiinywa yeye, mimi nitaikosa." Akakohoa, akapumzika kidogo. "Nina kifua kikuu. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme. Watu wa Gisa wangekubali kuoa kwenye nyumba hii?"

Kaliza alimwinua mgonjwa, akamnywesha mpaka kikombe kikaisha.

Haikupita wiki, wazazi wa Gisa wakatuma ujumbe kwamba harusi ingoje. Donatille alijua habari zilikotoka. Mke wa Nkusi aliuza nyanya sokoni, na hakuwahi kufunga mdomo. Hata hivyo Donatille alijikuta akitafuta namna ambayo Kaliza ndiye angekuwa amezieneza. Alitafuta sana. Hakupata, na hilo lilimuuma kuliko harusi yenyewe.

Siku ya kwenda kuchukua dawa nyingine ilipofika, alimkuta Kaliza uani akifua, akamwomba amwelekeze zahanati aende yeye.

"Unataka kuwauliza kama ni dawa kweli," Kaliza akasema.

Donatille angeweza kukana. "Hilo pia," akajibu. "Na wewe upumzike."

Kaliza alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaianika, akaingia ndani kuvaa viatu. Alipotoka alisema watakwenda wote wawili. Kwa sasa asingemwachia mtu dawa ya mama peke yake.