Mfungo wa Hiari

Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya mlango wa kanisa la Chuo cha Theolojia cha Mlango Mwembamba, wanafunzi thelathini na mmoja walipanga mstari ili wanuswe vinywa.

Kazi ya kunusa ilikuwa ya Audace, kiranja wa mambo ya kiroho, Mrundi mrefu mwenye pua ambayo, kwa maoni ya Mkuu wa Chuo, Mungu hakuiweka pale bure. Kila mwanafunzi alipomfikia alisimama wima, akafungua kinywa na kusema "Haleluya" kwa pumzi ndefu. Zamani walikuwa wakisema "Amina", lakini neno hilo lilionekana fupi, halitoi hewa ya kutosha kwa uchunguzi. Audace alifumba macho na kuvuta. Akikutana na ule uchachu wa tumbo lililokaa siku tatu likipewa kikombe kimoja cha uji jioni, aliinamisha kichwa kwa heshima na kumpitisha mtu ndani. Chuoni uvundo ule uliitwa harufu ya utakatifu.

Ulikuwa mfungo wa hiari. Kanuni ya tisa ilisema hivyo bila kuficha: kila mwanafunzi atafunga kwa hiari yake, na atakayekataa ataondolewa. Mwaka ule wa 2013 hiari hiyo ilikuwa imewajia mara saba, na kila mara iliwajia wote kwa pamoja, asubuhi ileile ambayo mpishi alifungua ghala akakuta sakafu. Kwa nini ghala lilikuwa tupu, hilo halikuwa somo la mwaka wa pili. Mwanafunzi aliyetaka kufika sokoni Kawale, hapohapo Lilongwe, mwendo wa dakika tatu, alihitaji saini mbili na muhuri. Maharage hayakuhitaji. Yalitoka kila Jumanne asubuhi, magunia mawili mawili nyuma ya baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, na mwenye baiskeli alimwambia mlinzi zikomo, asante, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Marguerite alikuwa wa kumi na tisa kwenye mstari. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Bukavu, mkimbizi wa kambi ya Dzaleka, na zilikuwa zimebaki wiki tatu apewe diploma yake. Kwa diploma hiyo, kanisa moja la upande wa pili wa Kawale lilikuwa limeahidi kumpa kazi ya akina mama na chumba kimoja nyuma ya madhabahu. Bila diploma hakukuwa na kanisa, na bila barua ya chuo mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kulala Lilongwe hata usiku mmoja. Mama yake, Louise, aliyekuwa akilala kambini nyuma ya pazia katika nyumba ya watu sita, hakuuliza habari za theolojia. Kila alipopata simu ya kuazima aliuliza kitu kimoja.

"Mlango ya ile chumba inafungwa na funguo ama na kamba?"

"Na funguo, mama."

"Haya. Soma."

Kosa alilifanya bombani, alfajiri. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kusoma sala mbele ya wote, na alikuwa amelelewa na mama asiyeruhusu mtu aongee na Mungu kabla ya kusafisha kinywa, hata vita vilipokuwa vinapiga Bukavu. Akakamua dawa ya meno ya mwisho iliyobaki kwenye tyubu, akapiga mswaki.

"Haleluya," alisema sasa.

Audace alifumbua macho.

"Rudilia."

"Haleluya."

"Inanukia," Audace alisema, polepole kwanza, kisha kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. "Jamani, mdomo ya huyu inanukia muzuri!"

Mstari wote ukageuka.

"Nilipiga mswaki tu, kaka Audace."

"Mswaki ya nini? Mutu hajakula siku tatu, kwenye meno yake kuko nini ya kusafisha?"

Mtu akacheka nyuma. Ni swali ambalo hata maprofesa wangelikosea. Marguerite alivutwa pembeni, na Charlène, aliyelala naye kitanda kimoja na aliyekuwa amekula viazi vitamu vya baridi chini ya blanketi usiku wa Jumamosi na usiku wa Jumapili, akasogea mbele, akasema Haleluya yake. Tumbo la Charlène lilikuwa bovu tangu utotoni. Audace aliyumba kidogo.

"Munaona huyu?" alisema kwa hisia. "Huyu njo anafunga."

Kamati ya Nidhamu ilikaa saa tatu asubuhi, ofisini kwa Mkuu. Mkuu mwenyewe, Papa Pasta Apollinaire, alikuwa mnene, mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Kulia kwake alikaa Mama Sophie, mlezi wa wasichana, kushoto Audace na daftari. Chupa ya chai juu ya meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, kwa heshima ya mfungo.

"Kaa, mutoto yangu," Papa Pasta alisema. "Usiogope. Sisi hatufukuzaka mutu. Dhambi njo inafukuzaka. Sisi tunafunguaka tu lango."

"Papa Pasta, mi sikukula kitu."

"Nani alisema ulikula? Sisi tunauliza tu, ulikula nini."

Charlène aliitwa kama shahidi. Alisimama akiangalia viatu vyake.

"Nilikuwa bombani nyuma yake. Nilisikia kutafuna."

"Kutafuna aje?"

"Krru, krru, krru."

"Ile njo mswaki!" Marguerite alisema.

"We, nyamaza," Mama Sophie alisema. "Mswaki iko na meno?"

Kwenye kona ya mdomo wa Charlène palikuwa na ganda dogo la kiazi, jekundu, limekauka. Marguerite aliliona. Papa Pasta naye aliliona. Macho yake yalitua pale kwa muda, yakaondoka. Magunia ya Jumanne yalimpitia Charlène mkononi, ndiye aliyeshika kitabu cha ghala.

"Jipanguse machozi, binti yangu," alimwambia. Charlène hakuwa na chozi hata moja. Akajipangusa mdomo.

"Papa Pasta, angalia, huyu iko na..."

"Ushahidi umekwisha," Papa Pasta alisema kwa upole.

Marguerite alipewa hadi Jumatano atafakari. Na kwa kuwa dhambi ilikuwa imeingia kambini mwa watakatifu, mfungo wa wote uliongezwa siku tatu. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa bweni likiwa na jina lake, ili wenzake wajue wa kumwombea. Walimwombea hivi: wa kwanza alimwagia maji godoro lake, wa pili akaficha Biblia yake, na wa tatu, kijana mpole wa Fizi aliyekuwa akimwomba amsaidie Kigiriki, alimtemea mate kwenye kikombe cha uji. Marguerite aliunywa. Jumanne hata uji haukuja kwake tena. Aliitwa mara ya pili mbele ya kamati, akasema tena kwamba hakula.

Jioni ile Mama Sophie alimkuta kwenye kamba za nguo.

"Mutoto, sikia. Kanuni ya kumi na nne unaijua: mwenye kukiri anasamehewa. Sema ulikula, iishe. Mama yako anangojea chumba."

"Lakini sikukula, mama."

"Na mi nimesema ulikula? Mi nasema useme."

Marguerite alitazama shuka zikipepea. Shuka za Papa Pasta zilikuwa nne.

"Niseme nilikula nini?"

Mama Sophie alifikiri, kidole kwenye shavu, kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya sokoni.

"Usiseme nyama. Nyama batakuuliza ilitoka wapi. Sema nsima, ugali tu."

Basi Jumatano, siku ya tano ya mfungo, Marguerite alisimama mbele ya kamati na kukiri.

"Nilikula nsima."

"Ah," alisema Papa Pasta, akaegemea nyuma. "Na nini?"



"Na... dagaa. Usipa."

"Usipa ya mchuzi ama ya kukaanga?"

Kichwa cha Marguerite kilikuwa chepesi. Tumbo lake ndilo lililojibu.

"Ya kukaanga kwanza. Mpaka mikia inakuwa ngumu. Kisha nikaweka kitunguu, ikageuka rangi, nikaweka tomati mbili, ile ya kuiva sana, nikafunika. Nsima ilikuwa moto, inachoma vidole. Nikavunja tonge, nikabonyeza katikati na kidole gumba, nikachota na kasupu kidogo. Kasupu kakashuka hapa, kwenye mkono." Aliwaonyesha kifundo. "Nikalamba. Vichwa vya samaki nilivibakisha mwisho. Kile cha mwisho nilikitafuna polepole, kwa sababu nilijua kimeisha."

Kalamu ya Audace ilikuwa imesimama. Alimeza mate, na sauti ya kumeza ikasikika ofisi nzima. Mama Sophie aliitazama chupa ya chai. Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele langoni.

"Munasikia," Papa Pasta alisema mwishowe, sauti imekauka kidogo. "Mutu ambaye hakukula hawezi kusema hivi."

"Hawezi," alisema Audace kwa uchungu wa kweli.

"Kanuni ni kanuni. Amekiri. Dhambi ya kula imesamehewa. Audace, andika: imesamehewa."

Marguerite alitoa pumzi. Akashika ukingo wa meza.

"Sasa," Papa Pasta akaendelea, akigeuza ukurasa kwa kidole gumba kipana chenye kovu. "Jumatatu ulisimama hapo, ukasema hukula. Jana ulisimama hapo, ukasema hukula. Njo uongo mara mbili, mbele ya kamati, mbele ya Mungu. Kanuni ya kumi na nne inasamehe kula. Uongo haina kanuni ya kuisamehe. Mi mwenyewe nimetafuta jana, nimekosa."

"Papa Pasta, mulisema nikikiri..."

"Tulisema useme ukweli. Umesema. Tunashukuru sana." Aliinuka, akaweka mkono mzito juu ya kichwa chake, akamwombea safari njema. Alisali kwa urefu. Kisha akamnyang'anya barua ya chuo.

Audace ndiye aliyemsindikiza langoni, amebeba begi lake. Walipofika kwa mlinzi hakulitoa mara moja. Alikuwa akiangalia chini.

"Dada Marguerite. Usinikasirikie. Kazi njo kazi."

"Haya."

"Ile usipa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Ulikulaka wapi?"

"Audace. Mi sikukula."

Audace alimtazama kwa chuki ya mtu aliyenyimwa.

"Hata leo," alisema. "Hata leo unatuficha." Na akaliachia begi liangukie vumbini.

Usiku ule Mama Louise alimpokea kambini. Alisogea kwenye mkeka, akampa upande wa ukutani. Kulipokucha alimwambia tu kwamba leo ni siku ya mgao, na kwamba kwa kadi yake wanampa kipimo cha mtu mmoja, hakiwatoshi wawili, aende akaandikishe jina lake upya.

Marguerite alisimama kwenye jua tangu saa mbili hadi saa saba. Karani wa mgao alikuwa mkimbizi kama yeye, kijana wa Uvira mwenye macho mekundu kwa kusoma majina. Aliperuzi karatasi za familia, akaperuzi tena, akavuta faili nyingine.

"We hauko kwa familia ya mama yako. Walikuhamisha. Uko kwa liste ya chuo."

"Liste gani?"

"Ya Mlango Mwembamba. Wanafunzi wote mulihamishwa. Chuo inachukua chakula yenu hapa, kila mwezi. Hamukujua?"

"Nimetoka chuo. Nimefukuzwa jana."

"Leta barua ya chuo inasema umefukuzwa. Ntakurudisha leo leo."

"Barua wanaandikia wanafunzi tu."

Karani alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Aligeuza faili na kulisukuma mbele yake ili aone mwenyewe, na akaweka kalamu chini ya mstari wa kumi na tisa.

"Dada, soma. Marguerite. Unga, maharage, mafuta. Ulichukua juzi, Jumanne. Umeweka kidole."

Marguerite alisoma. Alijua kuandika jina lake kwa herufi za Kifaransa na za Kigiriki, na hapo mbele ya jina lake palikuwa na alama ya kidole gumba cha wino wa bluu, kipana, chenye kovu lililokikata katikati. Akapandisha macho kwenye jina lililo juu yake. Kidole kilekile, kovu lilelile. Akashusha macho. Kilekile. Kilishuka hivyo hadi chini ya ukurasa, majina thelathini na moja, bila kuchoka.

"Hii si kidole yangu."

"Mi nasoma majina, dada. Vidole sijui kusoma."

"Niwekee changu pembeni, uone."

"Nikikuwekea, utakuwa umechukua mara mbili. Hiyo ni kesi. Itakufungisha wewe, si mimi." Alilivuta faili, akalifunga, akainua uso juu ya bega la Marguerite. "Anayefuata!"

Marguerite hakusogea. Alibaki ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliuliza mbele kuna shida gani, na swali likapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kisha jibu likaanza kurudi nyuma kwenye mstari, likiongezeka sauti kila lilipofika, hadi wanaume wa mwisho kabisa, waliokuwa hawaoni hata paa la ghala, wakaanza kupiga kelele wamtoe, wamtoe huyo mwanamke, kuna watu hapa hawajala na yeye anataka kula mara mbili.