Njia za Mkato za Wasike

Siku ile mjinga alikuwa Wasike, na hata yeye hakatai. Ila ukimwachia asimulie mwenyewe, atajipunguzia makosa. Basi isikilize hapa.

Wasike alikuwa mchapaji katika duka la Mama Seline mjini Kisumu, miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia na taipureta zikaanza kufunikwa vitambaa. Kushika kipanya aliona ni kazi ya wavivu. Kontroli na C, amenakili. Kontroli na V, amebandika. Kontroli na S, amehifadhi, na mkono mmoja bado una nafasi ya mandazi. Benta, mchapaji mwenzake, alisukuma kipanya chake taratibu kama anayepiga shuka pasi, na Wasike hakumpa nafasi ya kupumua.

"Benta, hiyo panya yako ikifika, initumie salamu."

"Itatuma. Wewe kula, usimwage makombo kwa kibodi."

Kilichomtia Wasike kiherehere ni Kaloleni. Mama Seline alikuwa anafungua duka la pili huko na anatafuta wa kulisimamia. Wasike alilitaka lile duka kuliko alivyotaka kuoa. Sifa yake ilikuwa wepesi. Kizuizi chake kilikuwa desturi ya Mama Seline: kila kazi isomwe kwa sauti, mmoja akisoma na mwenzake akifuatisha, kabla ya kutolewa kwenye printa.

"Mama, hayo ni mambo ya taipureta," alizoea kulalamika. "Siku hizi mashine inafanya yote."

Asubuhi moja akaja Mzee Zadock, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya shemeji yake, Mzee Ogola wa Muhoroni. Alitaka programu ya mazishi kabla ya mchana, maana mwili ulikuwa unatoka mochari siku hiyohiyo. Aliacha karatasi yenye majina ya wasemaji, akaenda kutafuta maua. Mama Seline alikuwa Kaloleni na mafundi wa rangi, Benta ametoka kununua karatasi. Wasike akabaki peke yake na nafasi yake ya kung'ara.

Akakumbuka kuwa wiki iliyopita walichapa programu ya mazishi mengine, kanisa lilelile, nyimbo zilezile. Marehemu yule naye aliitwa Mzee Zadock. Kazi imeisha! Akaifungua, akafuta wasemaji wa zamani, akaandika wapya. Kisha akabonyeza Kontroli na H, akaiamuru kompyuta: kila penye Zadock, weka Ogola. Kote, kwa mpigo. Kompyuta ikatii. Kontroli na P, printa ikaanza kupiga kelele, naye akakunja miguu kama meneja. Kusoma? Nani amsomee nani?

Mama Seline, Benta na Mzee Zadock wakaingia karibu kwa pamoja. Mzee akavaa miwani, akachukua karatasi ya juu.

"Kijana, hapa unasema baada ya mahubiri, Mzee Ogola atatoa neno la shukrani."

"Ndiyo, Mzee."

"Ogola yupi?"

Wasike akainama kutazama. Jina la mwenyekiti lilikuwa limebadilishwa pamoja na la yule marehemu wa wiki iliyopita.

"Na hapa," Mzee akaendelea, "Ogola huyohuyo atawakaribisha wageni chakula."

"Yawa!" Benta akaweka karatasi zake chini. "Yeye ataketi meza gani?"

Mama Seline akatazama rundo lote lililotoka kwenye printa, na hapo ndipo Wasike alipoiona Kaloleni ikimponyoka.

"Ni mimi, Mzee," akasema. "Nilikimbiza, na sikusoma."

Mzee Zadock akavua miwani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Shemeji yangu alipenda hotuba, omera. Ukimpa nafasi hii, kesho hatutamzika."

Hata Mama Seline akashindwa kujizuia. Wasike akabonyeza Kontroli na Z, majina yote yakarudi yalivyokuwa, kisha akayabadilisha moja moja, akimwacha mwenyekiti salama. Mzee akasoma kwa sauti, Benta akifuatisha kwa kidole. Mchana haujafika, programu zilikuwa zimefungwa vizuri, na Mzee akaondoka akisema ero kamano, asante sana.

"Kaloleni utaenda," Mama Seline akasema. "Hukuisingizia mashine, na mteja ametoka akicheka."

Ungedhani angeshukuru anyamaze. Wapi!

"Lakini umeona, Mama? Kosa lilitoka mara moja! Kwa taipureta tungeanza upya. Basi hii desturi ya kusomeana, kule Kaloleni tuiache. Vitufe vyangu vinatosha."

"Sawa, baba," Mama Seline akasema, akiokota zile karatasi zilizoharibika. "Nionyeshe kitufe cha kusoma."