Kovu la Mdomoni

Kanku alilitambua kovu kwa kidole gumba kabla hajaliona kwa macho. Alikuwa akiung'arisha uso wa sanamu ya Shantinath, mtakatifu waliyemwita Mshindi, kwa jiwe la kusugulia na maji, kama alivyozisugua nyuso nyingine nyingi katika karakana ya baba yake, ndipo kidole kikazama kidogo pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto. Mama yake alikuwa na kishimo kama hicho, tangu aliporukiwa na mafuta ya moto jikoni. Naye alikufa mvua zilizopita.

Akarudi nyuma kutazama. Mashavu yale. Kidevu kile. Mama alikuwa amekaa pale, amekunja miguu juu ya kiti kilichochongwa mnyama swala, akisubiri kuwekewa macho.

Mama mdogo Rambha alipoleta chai, aliishia mlangoni.

"Mfunike dada yangu."

"Mama mdogo, usinitanie."

"Nani anatania? Nimelala na Jivi kitanda kimoja utoto wote, akinikoromea sikioni. Nisimjue? Mwambie baba yako alivunje hilo jiwe."

Lakini baba yake, Devshi, hakuwa akiona tena. Sanamu hii aliichonga kwa kupapasa, na ilikuwa ya mwisho. Kesho yake Mzee Amrutlal wa hekaluni angekuja kuikagua, naye alikuwa amekula mikate ya uwele ya Jivi mara nyingi. Uso wa Mshindi haufai kuwa uso wa mtu. Akiutambua, sanamu ingezamishwa mtoni, na jina la Devshi pamoja nayo.

Mafundi walipokwenda kula, Kanku akashika jiwe akaanza kusugua. Marumaru ilikuwa kivulini, lakini ilikuwa na joto. Kila alipoimwagia maji, yalikauka pale mdomoni kwanza, kama pana pumzi.

"Nisamehe," alinong'ona, na mkono haukusimama. Kishimo kikaisha. Na kilichokuwa kikimtazama kikaondoka. Ukabaki uso mzuri usio wa mtu yeyote.

Mzee Amrutlal aliizunguka sanamu akitafuta kasoro.

"Devshi, wewe una macho vidoleni."

"Na yenyewe yameanza kutaka miwani, mzee."

Wakacheka, sanamu ikachukuliwa.

Siku ya kuifungua macho, mtawa mkuu aliyapaka wanja kwa kijiti cha dhahabu, huku kioo kimeinuliwa mbele ya sanamu ili mtazamo wa kwanza usimwangukie mtu. Kioo kikapasuka. Watu wakafurahi, maana ndiyo ishara kwamba sanamu imepata uhai. Kanku, aliyejibanza nyuma ya nguzo, alihisi kitu cha moto kimemrukia pembeni mwa mdomo.

Nyumbani hakutaka kujitazama. Alijifunika mtandio, akamwandalia baba chakula.

"Njoo nikuone," Devshi akasema, kama alivyozoea kila jioni, akampitishia vidole usoni. Paji, pua, mashavu. Kushoto mwa mdomo vidole vikasimama.

"Nilimtafutia mahali pa kukaa," akasema taratibu. "Penye baridi, watu wamletee maua. Kumbe hakupataka."

Kanku aliogopa kwamba akifungua mdomo, sauti itakayotoka haitakuwa yake.

Baba yake akasogea mkekani kumpisha.

"Basi kaa," akasema. "Umekula, Jivi?"