Kamera ya Begani

Mpiga video wetu huyu, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mjomba Kamera, alikuwa na neno lake kuhusu simu. Akikuona umenyoosha simu kwenye sherehe ya watu, utasikia yako. "Hicho ni kitu cha kuulizia hali," atakwambia. "Kazi waachie wenye kazi." Kisha anajitupia mtambo wake begani, mkubwa kama redio za zamani, anakatiza katikati ya wageni na kila mtu anampisha. Hata wenye viti vya mbele walikuwa wanainuka. Raha iliyoje!

Lakini jamani, mtambo wenyewe ulikuwa maiti. Uliingia maji miezi minane nyuma, fundi akaufungua, akatikisa kichwa, akaufunga. Mjomba hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliutoa matumbo yote akabakiza gamba, na ndani ya gamba akaisimamisha simu yake kwa raba na utepe mweusi, jicho lake likichungulia pale palipokuwa na lenzi. Tangu siku hiyo alipiga harusi za watu kwa simu ileile aliyoitukana. Na kituko ni kwamba wateja ndipo walipoanza kumsifu, kwamba siku hizi picha zake zimetulia na rangi zimekolea. "Kamera ni kamera," anawajibu, macho makavu kabisa.

Kwa kuogopa kuumbuka akatunga na sheria. Kwenye shughuli yake simu haziingii. Kapu liko mlangoni, kila mgeni anatumbukiza yake, eti mawimbi ya simu yanaichanganya kamera. Watu wazima na akili zao wakaamini.

Sasa siku moja aliyekuwa anafunga ndoa ni mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake. Shemeji yake, baba wa binti, alikuwa amelazwa. Moyo. Kesho yake asubuhi alikuwa anapasuliwa, na msajili wa ndoa hakuwa na tarehe nyingine. Mjomba alipokwenda kumtazama asubuhi ya harusi, shemeji alimshika mkono akawa hauachii.

"Nataka kumwona mwanangu akikubali, kabla hawajaniingiza mle ndani. Mengine Mungu anajua."

"Jioni ya leo hiihii nakuletea uitazame," Mjomba akaapa.

Mpwa hakuridhika. Walipofika ofisini kwa msajili, shela kichwani, alimvuta pembeni. "Mjomba, kwa nini tusimpigie tu baba kwa video, akaona papo hapo?"

"Harusi kwa simu? Unataka baba yako akuone vipande vipande? Hebu niachie mimi, mama."

Binti akatumbukiza simu kapuni kama wenzake. Mlinzi akalibeba kapu akaenda kulifungia stoo.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza moja, viti vya plastiki, feni inayolalamika. Mjomba alijitanua katikati, mtambo begani, ncha ya ulimi nje. Msajili akaweka miwani sawa, akamuuliza binti kama anamkubali huyu kwa hiari yake.

Hapo kamera ikawika.

Mjomba alipenda mlio wa jogoo, na jogoo huyo aliwika kwa nguvu zake zote. Msajili akachungulia dirishani. Mjomba akapenyeza kidole nyuma ya gamba, akakata.

"Betri hiyo," akasema.

Jogoo akawika tena.

"Betri gani inawika?" akauliza shangazi wa bwana harusi, na watu wakaanza kucheka.

Mjomba akatupia jicho kioo. Ni shemeji, anapiga kwa video. Na shemeji si mtu wa kupiga mara mbili. Akapokea.

"Shemeji," sauti ikatoka tumboni mwa kamera, "madaktari wameniwahisha. Niko mlangoni pa chumba cha upasuaji sasa hivi. Hiyo jioni yako siiwezi tena. Mwanangu ameshakubali?"

Dada yake akaweka mikono kichwani. Kicheko kikakatika.

Mjomba angeweza kusingizia mtandao. Uongo wa kutosha alikuwa nao, tena uliopangwa vizuri. Alimtazama mpwa wake, akamwona midomo inavyomtetemeka, akajichukia. Akaushusha mtambo juu ya meza ya msajili, juu ya daftari lenyewe la ndoa, akaanza kubandua utepe. Raba zikakatika, moja ikamrukia bwana harusi shavuni. Gamba likafunguka, kila mtu akaona ndani hakuna kitu ila simu.

"Kumbe tupu!" shangazi akapayuka. "Na simu zetu mmezifungia!"

Aibu ilimchoma Mjomba mpaka masikioni, lakini alikwishaitoa simu na kuinyanyua.

"Naona pua yako tu," shemeji akasema.

Akaigeuza. Binti akamwona baba yake kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, midomo imekauka.

"Baba."

"Sema, mama. Nakusikia."

"Nakubali. Baba, nimemkubali."

Msajili alisahau kuandika. Dada mtu alikuwa analia waziwazi, hajali tena wanja. Kwenye kioo mzee alitabasamu, akajifuta jicho kwa kona ya shuka.

"Umependeza, mwanangu. Umependeza sana. Shemeji, asante. Nikitoka nitaitazama tena polepole. Umeirekodi vizuri?"

Mjomba akafungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa pale pale, tayari kutoka, kama ulivyotoka uongo mwingine wote kwa miezi minane.

"Hapana, shemeji," akasema. "Ulipopiga, kurekodi kukakatika. Na simu za watu nimezifungia mimi. Hakuna mwenye hii picha. Ni wewe tu unayeona."

Nyuma ya mzee mlango ukafunguka. Mtu mwenye barakoa akanyoosha mkono aichukue simu.

"Basi usikate," shemeji akasema.